Ruta Ilisema Uko Hewani

Mama yangu mpendwa,

Nimekaa jikoni kwako, kwenye kile kigoda ulichokuwa ukikalia ukimenya viazi, na barua hii nimeianza mara tatu. Mara mbili nimeichana. Kuna jambo sikukuambia ulipokuwa hai, na kila nikijaribu kulizunguka linanisubiri upande wa pili. Basi niruhusu nianzie pale ambapo mimi na wewe tulikuwa na furaha.

Unakumbuka siku fundi wa intaneti alipovuta waya kutoka nguzo ya barabarani hadi dirishani kwako? Baba alikuwa ametutoka mwaka uliotangulia. Kaka Mwangi yuko Mombasa na familia yake, mimi Nairobi nikitunza kompyuta za ofisi, na wewe umebaki peke yako hapa Tetu na ng'ombe mmoja na baridi ya Nyeri. Nilitaka niuone uso wako kila siku. Fundi alipoondoka nilikuambia ruta bado haijapangwa, nawe ukavuta kiti, ukavaa miwani na kukaa karibu nami mezani kana kwamba kazi yenyewe utaifanya wewe.

Niligeuza ruta nikakuonyesha kibandiko cha chini, zile namba zenye nukta katikati. Nikaziandika kwenye kompyuta yangu. Ukurasa ukafunguka, ukadai jina na paswadi.

"Kumbe hiyo ndio mlango yake," ukasema. "Na mtu akikosa kujua hizo namba?"

"Anabaki nje."

Ukaguna tu.

Tulipofika mahali pa kuandika jina la mtandao, nilikuuliza tuuite nani. Hukufikiri hata kidogo. "Karibu Chai," ukasema. Nilicheka hadi machozi, lakini nikaliandika hivyo hivyo. Paswadi ukachagua jina la ng'ombe wako, Njeru, na mwaka uliozaliwa. Nikabonyeza hifadhi. Taa za ruta zikazima, zikawaka tena moja baada ya nyingine, na simu yako ikaliona lile jina. Ukapiga makofi. "Maitu, imekuja!"

Maitu, yaani mama yangu. Uliniita hivyo tangu nikiwa mchanga kwa sababu nilipewa jina la mama yako. Sasa hakuna anayeniita hivyo.

Haukupita mwezi kabla sijaanza kuwaona watu nyuma yako tulipokuwa tukiongea. Jirani yako Mama Shiro ndiye aliyekuwa wa kwanza. Binti yake Shiro anafanya kazi za nyumba Uarabuni, na saa nane mchana kila siku hupewa nafasi ya kushika simu. Mama Shiro alikuwa akija na kukaa juu ya lile jiwe kati ya ua wa miiba wa kayaba na nyumba, mgongo ukutani, akiongea na mtoto wake, nawe unampelekea chai kwa kikombe cha bati. Kisha akaja mwalimu wa nasari, mapumziko ya saa nne, kutafuta nyimbo za watoto. Kisha mzee wa kanisa. Wote walikuwa na paswadi, na wote ni wewe uliyewapa.

"Mama, hii kitu haigawiwi hivi," nilikuambia.

"Kwani ikigawanywa inaisha?"

"Haiishi, lakini inaenda pole pole."

"Hata mimi siku hizi naenda pole pole, na hakuna mtu amenifungia."

Ulicheka sana, ukiziba mdomo kwa leso kama ulivyozoea. Mimi sikucheka. Picha yako ilikuwa ikikwama. Ungeanza kunieleza habari ya goti lako, uso ukasimama mdomo wazi, na ukirudi umeshafika kwa mambo ya harambee ya kanisa. Nilikuwa na kiu ya kukuona, nikaona watu wa ukutani wananinyang'anya. Hiyo ndiyo kweli, Mama. Nilikuwa na wivu.

Nilikuja Pasaka. Kabla hata sijanywa chai nilifungua ule ukurasa, nikaenda kwenye orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Vilikuwa kumi na vinne.

"Hawa wote ni nani?" nikakuuliza.

Majina kwenye orodha yalikuwa ya aina za simu tu, hayangeweza kukuambia lolote. Lakini ulikuja ukasimama nyuma yangu, ukaanza kuhesabu kwa vidole. Mama Shiro. Mwalimu. Mzee wa kanisa, anayependa kusikiza matangazo ya vifo. Yule mama wa kuuza sukuma wiki, yeye hukaa kidogo tu. Ulikuwa ukiwataja kwa raha, kama mtu anayeonyesha picha za harusi.

Nami nikawafungia mmoja mmoja huku ukiniangalia. Nilibadilisha paswadi nikaweka ndefu ambayo wewe mwenyewe usingeikumbuka. Nililiondoa lile jina lako, nikauficha mtandao usionekane na mtu. Kisha nikatengeneza orodha ya vifaa vitatu vinavyoruhusiwa: simu yako, televisheni, na simu yangu. Kitu kingine chochote kikibisha, kifukuzwe. Mwisho nikaiweka ruta niweze kuifungua kutoka Nairobi, ili nisikusumbue kitu kikiharibika. Niliona nimefanya kazi safi.

"Na Mama Shiro ataongea na mtoto yake wapi?" ukauliza.

"Si anunue bando, Mama. Ama aende pale sokoni."

Uliinuka ukaenda kuchochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa. "Sawa," ukasema ukiwa umenipa mgongo. "Wewe ndio umesomea hii vitu."

Baada ya hapo picha ilikuwa safi. Niliweza kuona hata ule uzi uliotoka kwenye kola ya sweta yako. Siku moja nikajisifu, nikakuambia, "Si umeona vile tunasikizana sasa?"

"Ndio," ukasema. "Hata nasikia saa ya ukuta."

Nilidhani unasifu mitambo yangu.

Ikaja Julai, na ile Julai ya huku unaijua kuliko mimi, ukungu unaingia asubuhi na kukataa kuondoka. Jumatano hiyo nilikupigia saa sita mchana. Simu ikalia hadi ikakatika. Nikapiga tena saa saba. Kimya. Niliingiwa na wasiwasi kidogo, nikafanya kile ninachojua kufanya. Nilifungua ukurasa wa ruta yako nikiwa mezani kwangu ofisini, nikaenda kwenye orodha. Simu ya Mama: kitone cha kijani, imeunganishwa.

Nikasema moyoni, yuko nyumbani, yuko sawa, pengine yuko kwa ng'ombe. Nikafunga ukurasa nikaenda kula. Nilikula wali na ndengu. Nilikula nikamaliza.

Hili ndilo ambalo sikukuambia.

Simu ilikuwa mezani jikoni. Wewe ulikuwa umetoka kukatia Njeru nyasi, ukateleza kwenye majani yaliyolowa kando ya ua, na nyonga ikavunjika. Ilikuwa inakaribia saa nne. Mwalimu wa nasari hakuja mapumziko, kwa sababu tangu Pasaka hakuwa na la kumleta. Mama Shiro hakuwa kwenye jiwe saa nane. Alikuwa sokoni, kwa kinyozi mmoja aliyekuwa akimruhusu kusimama mlangoni na kutumia mtandao wake. Alirudi saa kumi na moja, akamsikia Njeru akilia kwa uchungu wa maziwa yasiyokamuliwa, akafuata ile sauti. Alikukuta kwenye nyasi, mvua ya rasharasha imekulowesha hadi ndani, umeshika panga lako kwa mikono miwili.

Nimepima kwa hatua zangu kutoka kwenye lile jiwe hadi pale ulipoanguka. Ni hatua kumi na moja.

Nilikufikia hospitalini asubuhi iliyofuata. Neno lako la kwanza lilikuwa, "Ng'ombe imekamuliwa?" Nikakuambia Mama Shiro amemkamua. Ukafumba macho ukatulia. Nilidhani umelala, kumbe unakusanya nguvu.

"Niliita," ukasema. "Niliita mpaka sauti ikaisha."

"Uliita nani, Mama?"

"Mtu yeyote."

Nikakushika mkono. Ulikuwa bado baridi, au labda ni mimi niliyeuhisi hivyo.

"Wewe ulinipigia?" ukaniuliza.

"Nilipiga mara mbili."

"Nilisikia simu ikilia kwa nyumba. Nikajua ni wewe. Nikajiambia, sasa maitu atajua kuna kitu, atatuma mtu."

Mama, hapo ndipo ningekuambia. Ungenisikia, ungenielewa, pengine ungenikaripia, na leo ningekuwa na karipio lako la kushikilia. Lakini nilikuambia, "Nilidhani uko kwa ng'ombe," nikanyamaza. Ukanipapasa vidole ukasema, "Ni sawa. Haungejua." Na nilikuwa nimeangalia. Nilikuwa nimeangalia mahali ambapo hukuwepo, nikaamini.

Baridi ilikuwa imekushuka kifuani. Daktari alisema homa ya mapafu. Ulikaa siku tisa. Siku ya tisa asubuhi nilitoka kwenda kukununulia ndizi mbivu ulizotamani, na nilipopanda ngazi kurudi nilimkuta muuguzi akinisubiri mlangoni mwa wadi. Sikuhitaji kuuliza.

Tulikuzika kando ya Baba, chini ya mparachichi. Watu walikuja wengi. Karibu wote wa ile orodha niliwaona, nami sasa nikazijua sura zao. Mwalimu aliwaleta watoto wakakuimbia. Jioni, wageni walipopungua, nilimkuta Mama Shiro nyuma ya nyumba akiosha vikombe, mikono yake imekuwa myekundu kwa maji baridi. Nikachukua kitambaa nikaanza kupangusa. Nilikuwa nimelibeba swali hilo siku nyingi.

"Mama Shiro, kama ningekuwa sijafunga ule mtandao, siku ile ungekuwa hapa?"

Alisugua kikombe kimoja kwa muda mrefu, kikombe kilichokwisha kutakata.

"Usiniulize hiyo, Wangari."

"Nataka kujua."

"Unajua," akasema kwa upole. Kisha akanipa kile kikombe. "Niulize kama nilimpenda mama yako. Hiyo nitakujibu."

Wiki hiyo nilifungua ukurasa, nikafuta ile orodha ya vifaa vitatu, nikaurudisha mtandao uonekane tena, kwa jina lako na paswadi yako ya ng'ombe. Ilinichukua dakika tano. Nimefikiria sana hizo dakika tano. Simu yako bado imo kwenye kumbukumbu za ruta, kitone chake kimekuwa cha kijivu, na pembeni kuna kitufe cha kuifuta. Kila nikiingia kidole changu hufika hapo, kisha huondoka. Mwangi anasema waya ukatwe kwa kuwa hakuna anayeishi humu. Tumekosana naye kidogo kwa hilo. Njeru sasa yuko kwa Mama Shiro, anakula vizuri. Mimi huja kila wikendi ninayoweza, nafungua madirisha, nafagia, nakaa. Watu wa ukutani hawakurudi. Niliwaambia mtandao uko wazi tena, wakanishukuru kwa adabu, wakapita. Siwalaumu. Hawakuwa wanakuja kwa mtandao peke yake, na mimi sina mkono wako wa chai.

Lakini Jumamosi iliyopita Mama Shiro aliingia langoni. Alikuja moja kwa moja hadi jikoni, simu imeshawashwa mkononi, na uso wa Shiro ndani yake, umevimba kwa kulia.

"Hajalala," Mama Shiro akaniambia. "Anasema hakuzika. Anataka kuona mahali."

Tulitoka sote. Kwenye mlango wa nyuma picha ilikuwa nzuri. Kwenye zizi ikaanza kukatika. Tulipofika chini ya mparachichi ilikuwa vipande vipande tu, jicho hapa, kitambaa cha kichwa pale, na Mama Shiro akainua simu juu ya kichwa chake kwa mikono miwili, akazunguka polepole akitafuta. Kisha ikashika. Shiro aliliona kaburi lako, udongo bado mwekundu, maua yamenyauka.

"Cucu," akasema, vile alivyokuita tangu utotoni, kama bibi yake wa damu. "Cucu, ni mimi. Nimefika."

Hapo mtandao ukakatika, na Mama Shiro akabaki amesimama na mikono juu.

Ndipo nilipomwambia. Nikamwambia kwamba siku ile nilikupigia, hukushika, nikaangalia kwenye ruta nikaona kijani, nikaenda kula. Nilisema yote nikiangalia udongo wako. Hakuniambia haidhuru. Alishusha mikono, akatia simu kwenye mfuko wa aproni, akanishika bega, nasi tukasimama hivyo mpaka ukungu ukaanza kupanda kutoka mtoni.

Na sasa nimekuambia wewe pia. Sikuombi useme ni sawa, ulishasema kabla hujajua kitu. Nilitaka tu usikae huko ukidhani sikuisikia ile simu ikilia nyumbani mwako. Naisikia kila siku, Mama.

Lala mahali pakavu, palipo na joto.

Binti yako,
Wangari