Mwamba wa Chini ya Maji

Jumatatu, 4 Machi
Dhahabu imepatikana mlimani, ng'ambo! Tangu asubuhi watu wanamiminika hapa kivukoni na masururu, sufuria, magodoro. Mimi na kaka tumevuta kamba ya pantoni hadi viganja vikachubuka. Tumezoea kuvusha mbuzi na wagonjwa. Kaka anacheka: marehemu baba angeyaona haya angefufuka aje kuvuta mwenyewe.

Alhamisi, 18 Aprili
Huu sasa ni mji. Palipokuwa magugu pana kinyozi, fundi viatu, kanisa la turubai, msikiti wa mabati, baa. Mama Birika, muuza chai wetu, kaongeza kibanda — na anavyoringa! Mimba ya wifi imekua. Kaka kanunua miwani ya jua. Jua lenyewe liko wapi, na mvua hizi?

Jumamosi, 11 Mei
Kaja injinia wa kampuni ya mgodi. Wanataka daraja, ila kila wakitoboa wanakuta tope. Akauliza kama tunajua penye mwamba. Nikasema hatujui. Kaka akatazama chini.
Tunajua. Baba alituonyesha tukiwa watoto, kule konani, mbali huko mto unakoshukia. Akatuapisha tusimwambie mtu. Daraja likisimama kule, hapa patakufa.

Ijumaa, 7 Juni
Kaka hajaonekana tangu juzi. Mama Birika kaniambia, bila kunitazama usoni: malori ya saruji yanaelekea konani, na kaka yangu kakaa mbele na dereva. Nikamwita mchonganishi, mbele ya wateja wake. Mungu anisamehe.
Jioni kaka karudi. Kichwani kofia ngumu, mpya. Wamempa usimamizi.
"Mdogo wangu, wangeupata tu, leo au kesho."
"Mbona hukuniambia?"
"Ungekataa."
Ndiyo! Ningekataa! Kikulacho ki nguoni mwako, husema watu. Sisi tulivaa hadi nguo moja kwa zamu.

Jumapili, 23 Juni
Kinyozi kang'oa mabati. Baa imebaki nguzo. Wote wanahamia konani, na kila anayepita ananipa pole kama mfiwa. Kaka na wifi wako kambini, ng'ambo. Hawakuniaga. Walivuka kwa mtumbwi wa mtu mwingine.

Jumatano, 26 Juni
Mvua tangu jana. Mto umefura.
Kaka yuko ng'ambo, hapa hapa mkabala, anapiga kelele. Kamleta wifi kwa lori — uchungu umemshika, mtoto kakaa vibaya. Mkunga yuko upande huu. Daraja lao bado ni nguzo tupu.
Mama Birika kasema kamba itahimili, atavuta na mimi. Mkunga keshapanda pantoni, kashikilia ukingo, ananitazama.
Nimewaambia naingia bandani kuchukua glavu. Glavu ziko mapajani. Naandika.
Kaka alikuwa akiita "dada wa kivuko," kama abiria yeyote. Sasa ananiita Kijino. Jina hilo alinipa yeye, siku niliyoota jino la kwanza. Hakuna mwingine aliyebaki wa kuniita hivyo.
Anaita tena —