Sikuwa Naye Siku Ile

Kawangware, Nairobi

Kwa dada yangu Nekesa,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Natumaini nyumbani mnaamka salama, na mgongo wa mama umepoa kidogo baada ya palizi. Mimi mwili ni mzima. Nilihama Kibera, kule Gatwekera, kwa sababu nilishindwa kuingia tena kwa kile chumba. Sasa niko huku Kawangware, bado nafulia watu nguo.

Dada, kaa chini kwanza. Siku tulipomzika binti yako Nasimiyu, ulinishika mikono yote miwili mbele ya watu ukaniambia, "Asante kwa kukaa na mtoto wangu mpaka mwisho." Nikainamisha kichwa, nikanyamaza. Sikuwa naye.

Asubuhi ya siku ile, kule Kibera alikokuwa akikaa nami, mtoto aliamka na homa. Nilidhani ni malaria ya kawaida. Nikampa dawa, nikamwachia Mama Achieng', jirani yangu muuza samaki wa omena, nikaenda kazini. Nilimwahidi mtoto nitarudi saa sita. Nilipomaliza kufua, mwenye nyumba niliyokuwa nafulia akaniuliza kama naweza kupiga pasi pia. Ningeweza kusema hapana. Nikasema ndiyo. Niliporudi saa tisa, Mama Achieng' alikuwa amempakata kitandani, na tayari amemfunika uso.

Alikuita wewe, dada. Mama Achieng' alimwambia, "Auntie yako anakuja." Akajibu, "Si Auntie. Mama yangu." Kisha akauliza kama basi lako kutoka nyumbani limefika. Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho. Nimeyaficha miaka miwili, maana ungeniuliza mimi nilikuwa wapi.

Kanisani nilikuwa naitikia amina tu. Mwezi uliopita nilimwambia mama mchungaji kila kitu.

"Ulimwomba Mungu msamaha lini?" akaniuliza.

"Kila siku, mama."

"Basi alikusamehe siku ile ya kwanza. Siku zingine zote ni wewe umekuwa ukijihukumu, si Yeye."

Nililia mpaka nikaishiwa nguvu, nikahisi kifua kimefunguka. Halafu akauliza polepole, "Na mama wa mtoto anajua?"

Ndiyo maana naandika. Siandiki ili uniondolee hatia, Yesu ameshaniondolea. Naandika kwa sababu maneno ya mtoto ni yako. Ukitaka kukasirika, kasirika. Ukitaka kunyamaza, sitakulaumu.

Nisalimie mama. Nisalimie shemeji, baba yake Nasimiyu, na umsomee barua hii wewe mwenyewe, asije akaisikia kwa watu. Msalimie pia kaka yetu, yule fundi wa baiskeli.

Tangu mazishi sijakaribia meza ya Bwana. Wenzangu wakiinuka, mimi hubaki kwa benchi na kusema naumwa. Jumapili hii nitaenda. Nitaenda nikilia, lakini nitaenda.

Mimi mdogo wako,
Nafula