Kibanja Chako Sijakigawa

Kishanda,
Muleba.
26 Agosti, 1973

Mpendwa mwanangu Nathanieli,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, wewe na mkeo Joviana. Mnaendeleaje huko Tabora? Kile kifua kimepona? Nasikia vumbi la huko ni jingi, nawe hukukulia kwenye vumbi. Sisi hapa wazima. Bibi yako mzima, anakula vizuri, masikio tu ndiyo yamechoka. Dada yako Kemilembe mzima. Baba yako mdogo Buberwa mzima, na maneno yake mazima vilevile. Hata mbuzi mweusi mzima, amezaa mapacha. Mwenye mawazo ni mimi tu, na hayo umeyazoea.

Barua hii nimeandika mwenyewe. Ndiyo faida ya kisomo cha watu wazima. Usicheke mistari ikipanda mlima.

Sasa sikia hili kwangu kabla hujalisikia kwa watu: kibanja chako sijakigawa.

Bwana miti alikuja kisomoni akatupa miche. Mimi nilipata sitini ya mishambya, ile miti ya nguzo, nikaiweka chini ya migomba ingoje mvua. Nataka kuipanda pembezoni na katikati ya kahawa. Itakinga upepo, majani yake yatakuwa mbolea, na siku ukirudi kujenga utakuta nguzo zako zimesimama zinakungoja.

Wale mapacha wa mbuzi wakaanza kuionja. Nikakata fito za karibu, nikazichomeka mstari mmoja toka njiani hadi kwenye kahawa, kuwazuia. Akili ilikuwa kwa mbuzi, mwanangu. Sikutazama kwamba nimekata mulamula, mti wetu wa kuwekea mipaka.

Asubuhi Buberwa akapita, akaufuata ule mstari kwa macho, akasema, "Shemeji, siku hizi unapima ardhi? Nathanieli yuko hai, wewe unamkatia Kemilembe kibanja?"

Nikamwambia, "Nimewagawia mbuzi na miche. Mbuzi huku, miche kule."

Kemilembe naye akadakia, "Baba mdogo, mimi nipeni upande wenye kahawa."

Buberwa alicheka mpaka akakaa chini. Lakini wapita njia walikuwa wameshaona, na Jumapili kanisani niliulizwa mara tatu kama nimewagawia watoto. Fito nimezing'oa zote. Mbili zilikuwa zimeshatoa jani.

Ila baba yako mdogo ameshikilia neno moja: mti wa kudumu mwanamke hapandi kibanjani bila kauli ya mwenyewe, nawe ndiwe mrithi wa marehemu baba yako. Anataka aione kauli hiyo imeandikwa kwa mkono wako. Ukikubali, atachimba mashimo yeye. Na ameshaniomba miche kumi, kwa hiyo najua moyo wake uko wapi.

Bibi, Kemilembe na Buberwa wanawasalimu sana. Mwambie Joviana akuchemshie maji ya kunywa. Mungu awafunike kama mgomba unavyofunika watoto wake.

Mawingu yameanza kukusanyika upande wa ziwa, na miche imebanana. Ukikataa, niambie tu, nitawapa majirani. Ukikubali usijisumbue na barua ndefu. Andika "Mama, panda", uitie posta siku hiyohiyo.

Ni mimi mama yako, nikupendaye tangu hujajua jina lako,
Kokuhirwa