Nilivyoimba Tumboni mwa Jitu la Chumvi

Kumsenga, Kibondo
27 Aprili 2014

Mama yangu mpendwa,

Amahoro, Mama. Natumaini barua hii itakufikia ukiwa mzima, na kwamba ule mguu unaokusumbua nyakati za mvua umetulia. Nathaniel anakwenda shule bila kusukumwa? Maharage ya msimu huu yameshika? Mimi sijambo, isipokuwa goti moja na viganja ambavyo bado vimefungwa bandeji, ndiyo maana mwandiko wangu umelala upande. Shangazi Generosa anakusalimu sana, na anasema uache kumtumia salamu tupu, safari ijayo umtumie na mawese.

Najua ulinisubiri Manyovu Jumatatu ya Pasaka. Shangazi amesikia kwa wale wabadilisha fedha kwamba ulikaa pale mpakani tangu asubuhi mpaka malori ya mwisho yakavuka, na kwamba ulikuwa na kitenge kipya mikononi. Uliniandikia kwamba shule imenitosha, nirudi nyumbani sasa, na mimi sikutokea wala sikutuma neno. Naomba radhi kwa siku ile. Ninakuandikia ili ujue nilikuwa wapi, na sitakuficha kitu.

Unalikumbuka Jitu la Chumvi. Tulipokuwa kambini Mtabila lilikuwa likipita barabarani kuelekea Kasulu, miguu yake sita ya chuma ikizama kwenye tope na kujinyanyua, pipa la mvuke mgongoni kubwa kuliko nyumba yetu, na moshi wake ukitia masizi kwenye nguo tulizoanika. Bibi alikuwa akisema hilo ndilo igisizimwe, zimwi la kwenye hadithi, linalomtia msichana ndani ya ngoma na kumzungusha vijijini aimbe ili lenyewe lipewe chakula. Nawe nisipolala uliniambia utalifungulia mlango. Basi bado linatembea, Mama. Linatoa chumvi Uvinza, linapita Kasulu, linapanda mpaka huku Kibondo ambako magari hukwama. Dereva wake ni Mzee Venanti, mtu wa sala na kikohozi, na anayelilisha kuni ni kijana anaitwa Pasikali, ambaye mdomo wake haupumziki hata akiwa amebeba gogo.

Mwalimu Asia unamkumbuka pia. Ndiye aliyekuja kukaa kwenye mkeka wako wiki zile kambi ilipokuwa inafungwa nanyi mnarudi kwetu ng'ambo ya mpaka, akakuomba uniache kwa Shangazi nisome. Ulimjibu kwamba yeye hana mtoto, kwa hiyo hajui anachokiomba. Hakuondoka mpaka ukakubali. Mwaka jana akapata ujauzito. Kwao ni Tanga, mumewe anafanya kazi Dodoma, na hapa Kumsenga ndugu zake ni sisi wanafunzi wake.

Ijumaa Kuu asubuhi uchungu ulimshika kabla ya wakati wake. Muuguzi wa zahanati alimpima, akatoka nje akamwambia Shangazi kwa sauti ya chini kwamba mtoto amekaa vibaya na kwamba bila upasuaji wa hospitali ya Kibondo wote wawili hawataiona kesho. Mvua ilikuwa imelichukua daraja. Gari la wagonjwa lilifika ng'ambo ya mto, likapiga honi, likabaki hukohuko. Hapo ndipo Shangazi alipokimbilia sokoni, ambako Jitu lilikuwa limesimama na mzigo wake, akamwambia Mzee Venanti kwamba leo atabeba mtu badala ya chumvi. Mzee hakuuliza swali. Walifunga machela chini ya tumbo la Jitu, pale penye joto pasiponyeshewa, wakamlaza Mwalimu, nami na Shangazi tukapanda kukaa naye.

Tulikwenda vizuri mpaka kwenye mteremko wa kuingia mtoni. Ghafla Jitu likatetemeka, likapiga magoti kama ng'ombe anayetaka kulala, na mvuke ukaanza kupiga mluzi mahali ambapo haukupaswa kupigia. Pasikali alipiga kelele kwamba maji hayaingii ndani ya pipa. Mzee Venanti akaamuru moto utolewe upesi, maana pipa lisiloingia maji, likiendelea kuchemka, hupasuka na kumuua kila aliye karibu.

Sababu ilikuwa hii. Wana desturi yao watu wa Jitu: maji hayatiwi kabla mmoja wao hajayaonja, kwa kuwa wanasafiri na chumvi. Lakini siku ile Mzee Venanti alikuwa amefunga, na kwake kufunga Ijumaa Kuu ni kutotia hata tone mdomoni. Pasikali naye alikuwa amefunga, kwa kumwogopa mama yake. Kila mmoja alidhani mwenzake ameonja. Usiku uliotangulia mvua ilikuwa imeyeyusha magunia ya chumvi yaliyopangwa juu ya tangi la maji, chumvi yote ikachuruzika ndani. Mimi nilichovya kidole kwenye maji yale. Yalikuwa kama mchuzi uliotiwa chumvi na watu wawili wasiosemezana. Chumvi hiyo ilikuwa imeganda ndani ya pipa na kufanya ukoko kwenye mdomo wa bomba linaloleta maji.

Ukoko ule hauwezi kubanduliwa kutoka nje. Ni lazima mvuke uachiwe, pipa limwagwe, mtu aingie kwa tundu la juu na patasi na nyundo. Pasikali alivua shati akajaribu. Kichwa kilipita, mabega yakagoma. Mzee Venanti alimvuta miguu huku akimwambia apunguze kula ugali wa majirani. Pasikali akajibu kwamba tundu ndilo limepungua, yeye yuko vilevile. Hakuna aliyecheka, maana chini yetu Mwalimu Asia alikuwa ameanza kuuma upindo wa khanga yake.

Nikasema nitaingia mimi.

Shangazi alinishika mkono kwa nguvu, akaniuliza atakuambia nini wewe, kwamba amekulelea mtoto mpaka akamtia mwenyewe ndani ya ngoma ya zimwi? Mwalimu naye alinikataza akiwa kwenye machela. Alisema anasema kama mwalimu wangu na hataki mjadala. Nilimjibu kwa heshima kwamba leo si siku ya shule. Nikamwambia Shangazi kwamba yule wa kwenye hadithi alitiwa, na mimi naingia kwa miguu yangu, tena nimeona tundu la kutokea liko wapi. Sikuwa jasiri, Mama. Ila nilimtazama Mwalimu, na nikaona kwamba tukianza kubishana atakufa tukiwa bado tunabishana.

Mzee Venanti alinifunga kamba kiunoni, akanieleza sheria yao. Anayeingia anaimba. Anaimba bila kuacha, hata kama hajui kuimba, kwa sababu humo ndani hewa ni mbaya na mtu huishiwa nguvu bila kujijua. Sauti ikikatika, walio nje wanavuta kamba hapohapo. Pasikali akasema anaomba nisiimbe za kanisani kwetu kwa kuwa zitamtia usingizi. Nikachagua ule wimbo wako wa kutwangia muhogo, kwa kuwa hauna mwisho.

Ndani kulikuwa giza na moto. Waliniwekea magunia mabichi ya kukanyagia, lakini chuma kilinipata palipokuwa wazi. Mvua iliyokuwa ikipiga juu ya pipa ilivuma kama mzinga wa nyuki uliochokozwa. Nilipapasa mpaka nikalifikia bomba. Ukoko ulikuwa mgumu kama jiwe la kusagia. Nilipiga nikiimba, nikaimba nikipiga, na vipande viliniruka machoni. Nilitoboa tundu la kupita kidole. Baada ya hapo nakumbuka kwamba niliona ajabu wimbo unaendelea wakati mdomo wangu umefungwa. Kumbe haukuwa unaendelea.

Huko nje, Shangazi ananiambia, hakuna aliyejua. Mvua ilikuwa kubwa mno. Wanaume walikuwa wakisikia maji yakidondoka kwenye chuma, tang, tang, wakadhani ni nyundo yangu. Aliyejua ni Mwalimu Asia peke yake, aliyekuwa amelala chini na sikio lake limegusa tumbo la Jitu. Alikuwa akinisikiliza katikati ya uchungu wake. Wimbo ulipokatika alipiga ukelele kwamba nivutwe. Wao wakafikiri mtoto anatoka, wakaanza kumwambia "komera, komera," ajikaze. Basi Mwalimu Asia, ambaye hajawahi kumtukana hata anayelala darasani, akamwita Pasikali mbumbumbu, akamwita na Mzee Venanti jina ambalo Shangazi amekataa kunitajia, akawaambia vuteni kamba. Wakavuta.

Nilizinduka nikinyeshewa usoni, Shangazi akilia na kunizaba vibao kwa wakati mmoja. Mzee Venanti alisema imetosha, tutambeba mgonjwa begani mpaka mtoni. Tulitazama mto wote pamoja. Ulikuwa unapitisha miti mizima. Nikauliza tundu la kidole linatosha? Pasikali akatikisa kichwa.

Nikarudi ndani. Safari hii Mwalimu hakunikataza. Alisema niimbe kwa sauti, naye akavua pete yake ya ndoa akawa anagonga chuma kwa chini, akinipigia mapigo ili nijue kwamba ananisikia. Uchungu ulipomkaza alikuwa anagonga haraka, nami naharakisha. Ulipomwachia aligonga polepole, nami navuta pumzi. Tulikwenda hivyo, yeye chini na mimi juu, hatuonani, mpaka ukoko ukabanduka wote kwa mkupuo, nikausikia ukianguka.

Walikinga maji ya mvua kwa turubai wakalijaza tangi upya. Kabla hayajatiwa, Mzee Venanti alipiga ishara ya msalaba, akachota kwa kiganja, akanywa, akasema Mungu ataelewa. Moto ukawashwa. Jitu likajinyanyua, likaingia mtoni. Maji yalifika kwenye machela, tukamnyanyua Mwalimu kwa mikono yetu tukamshika juu, Shangazi akisali Kirundi, Mwalimu akisali Kiarabu, Pasikali akilitukana Jitu lisithubutu kuteleza. Halikuteleza. Ng'ambo gari la wagonjwa lilikuwa bado linasubiri. Walimfanyia upasuaji jioni ileile. Mtoto ni wa kiume, ana kelele, na mama yake anaendelea kupata nafuu. Bibi yake mtoto amefika kutoka Tanga juzi, na kila akiniona ananilisha.

Mama, ningeweza kumaliza barua hapa. Shangazi ndivyo alivyonishauri. Alisema ukisoma haya utaona nilizuiwa na mvua, uchungu wa mtu na mto, na hasira yako itakwisha yenyewe. Lakini nimekuahidi kwamba sitakuficha kitu.

Ijumaa ile asubuhi, kabla hatujaitwa kwa Mwalimu, begi langu lilikuwa tupu. Nilikuwa sijafunga nguo hata moja. Hata kama mvua isingenyesha, hata kama Mwalimu Asia angejifungua salama nyumbani kwake, Jumatatu usingeniona Manyovu. Nilikuwa nimeamua tangu siku niliyopata barua yako, na nilikosa ujasiri wa kukuandikia. Kuingia ndani ya pipa kulikuwa rahisi kuliko kuandika maneno haya, na ninajua utakavyoyasoma.

Najua pia habari ya Leonidasi. Shangazi aliniambia kwamba watu wake wameshaleta pombe ya kuulizia posa, na kwamba kitenge kile kilikuwa cha siku hiyo. Simchukii Leonidasi, hata simjui. Ila niko kidato cha tatu, na nataka kumaliza cha nne, kisha niende chuo cha ufundi nikajifunze mitambo ya mvuke. Mzee Venanti amesema kikohozi chake hakitamruhusu kuliendesha Jitu miaka mingi, na kwamba kamba ya kiunoni nimeshaifunga, kilichobaki ni kusoma. Sikuombi ruhusa ya kubaki huku. Ninachokuomba ni uvumilivu wa kunisubiri.

Likizo ya Juni Jitu litapeleka chumvi Manyovu, nami nitakuwa juu yake. Nitashuka, nitakaa nawe siku zote watakazokuwa wanapakua, nitakupikia, utanisema mpaka uchoke. Kisha nitapanda tena nirudi shule. Njoo, Mama, hata ukiwa bado umekasirika. Ukiwa umekasirika, ndipo hasa uje.

Watu wa Leonidasi wakiuliza, usijitwishe aibu wala usinisingizie ugonjwa. Waambie aliyekataa ni mimi, na jina langu walitaje. Pombe yao kama imeshanywewa, waambie nitailipa siku nitakayopata mshahara wangu wa kwanza.

Nisalimie Bibi, na umwambie zimwi lina tundu la kutokea. Mkumbatie Nathaniel, hata akikimbia. Mungu akulinde usiku na mchana, mpaka tuonane mpakani.

Ni mimi binti yako,

Careen Ndayikunda