Kibao cha Zamu ya Ngazi

Bergen, 14 Septemba

Bibi yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima na goti lako limetulia. Sisi huku hatujambo. Mama ana kikohozi kidogo, lakini kazini anakwenda. Mvua haijakatika tangu Jumapili, ila kwa Bergen hiyo si habari ya kuandika.

Nilikwenda Fyllingsdalen kama ulivyoniomba. Siku hizi treni inapita ndani ya mlima: unaingia gizani upande mmoja na mvua, unatokea upande wa pili unakuta mvua ileile inakusubiri. Jengo lenu lipo. Wamelipaka rangi ya kijivu, ungeichukia. Nilisoma majina yote kwenye kengele za mlango wa chini, na jina lake lipo ghorofa ya tatu: Gunnvor Myklebust. Nikaweka kidole kwenye kengele. Sikubonyeza.

Nisamehe, Bibi. Njia nzima nilikuwa nimefanya mazoezi ya maneno: mimi ni Tiril, mjukuu wa Eldbjørg aliyekuwa jirani yako, anakusalimu. Ni maneno machache. Nilipofika pale yakanipotea. Mzee mmoja alitoka na mifuko ya takataka, akanikuta na kidole hewani.

"Binti, kengele haing'ati," akasema.

"Nasoma majina tu."

"Basi umefika maktaba. Tuna majina manane. Ukiyamaliza, njoo nikuazime kitabu cha simu."

Anaitwa Oddvar, anakaa ghorofa ya chini. Nadhani unamfahamu. Nilicheka kwa adabu kisha nikakimbilia kituoni.

Nitarudi. Lakini kuna jambo nataka kuuliza. Uliniambia, "Kaone kama bado ananichukia." Hukuniambia kwa kosa gani. Ni vigumu kubonyeza kengele ya mtu wakati hujui umebeba nini.

Mjukuu wako,
Tiril


Stokmarknes, 25 Septemba

Mjukuu wangu Tiril,

Marahaba, mwanangu. Goti ni lilelile, tumeshazoeana. Mwambie mama yako aache ubishi avae skafu. Na Oddvar ninamfahamu sana. Alikuwa na mdomo huohuo miaka thelathini iliyopita, usimpe nafasi.

Umeuliza, nami ni haki yako kujua.

Pale kwenye jengo ngazi tulikuwa tunaziosha wenyewe kwa zamu. Palikuwa na kibao cha mti chenye kamba, kimechongwa maneno ZAMU YAKO. Kikining'inia kwenye kitasa chako, wiki hiyo ndoo ni yako. Ukimaliza kuosha, unakitundika mlango unaofuata kwa mkono wako mwenyewe. Hiyo ndiyo ilikuwa kanuni, na hakuna aliyeivunja. Aliyekichonga ni Sigbjørn, mume wa Gunnvor. Alikuwa fundi seremala.

Mwezi wa pili, miaka kumi na tisa iliyopita, nilikuwa nimesafiri kwa dada yangu. Nilirudi Jumapili jioni, nikakuta kibao kwangu. Nikaosha upesiupesi, nikakitundika mlango unaofuata, wa Gunnvor, nikalala. Asubuhi mwokaji wa dukani akaniambia Sigbjørn alifariki Jumanne. Nilipanda ngazi mbio nikakiondoe. Nilichelewa. Nilifika mlangoni kwangu, nikasikia Gunnvor ameshatoka. Nikachungulia. Gunnvor alikuwa amepiga magoti na nguo nyeusi, anaosha ngazi.

Mjane wa siku sita, Tiril. Na aliyempa kazi ni mimi, kwa kibao cha mumewe.

Nikafunga mlango wangu. Sikujua la kusema. Kila siku iliyopita ilifanya la kusema kuwa zito zaidi, nikawa nachungulia kwanza ndipo nishuke, nisikutane naye. Wiki iliyofuata kibao kilikuwa kwa Oddvar. Nikakichukua, nikakifunga kwenye gazeti, ili kisije kikarudi tena kwa yule mama. Mwezi wa tano nikahamia huku kwetu. Bado kipo chini kabisa ya kabati. Sijawahi kukifungua.

Sasa unajua umebeba nini. Ukiona mzigo mzito, uutue. Sitakulaumu.

Bibi yako


Bergen, 9 Oktoba

Bibi mpendwa,

Shikamoo. Unaendeleaje? Kikohozi cha Mama kimepona. Sikumwambia kuhusu ubishi, nilimpa skafu tu.

Nimebonyeza kengele.

Alhamisi baada ya shule nilikwenda moja kwa moja, bila mazoezi, kwa sababu nimegundua mazoezi ndiyo yanayoniogopesha. Sauti ikauliza, "Nani?" Nikasema jina lako badala ya langu. Nilisema, "Eldbjørg." Nikajua nimeharibu. Kisha mlango ukalia kufunguka.

Alikuwa amesimama juu ya ngazi ameshika ukuta. Ni mfupi kuliko nilivyofikiri, na miwani yake ni mizito. Akaniangalia mpaka nikatamani kurudi chini.

"Wewe si Eldbjørg," akasema.

"Hapana. Mimi ni mjukuu wake. Anakusalimu."

"Miaka kumi na tisa ya salamu. Lazima imepoa. Ingia tuipashe moto."

Alinipa maandazi ya mdalasini na kahawa. Sijawahi kunywa kahawa, lakini niliona haya kukataa. Nikamwambia yote uliyoniandikia kuhusu ile Jumapili, nikitazama sahani. Sikuruka kitu, isipokuwa kitu kimoja nitakachokueleza chini. Nilipomaliza alikuwa ameshika kikombe bila kunywa.

Bibi, nimejaribu kukumbuka maneno yake kama alivyoyasema. Niliyaandika nikiwa kwenye treni.

"Wiki ile watu walikuwa wanakuja kwangu kwa kunyata," alisema. "Maua, maua, kama mimi ndiye niliyekufa. Hakuna aliyeniuliza hata kama nina maziwa. Jumatatu nikafungua mlango, nikakuta kibao. Nikasema, kumbe yuko mtu mmoja anayejua kwamba bado ninaishi hapa. Nikajaza ndoo. Nililia kuanzia ghorofa ya tatu mpaka chini, na kwa kuwa sakafu ilikuwa imelowa, hakuna aliyejua. Nilipomaliza nilikula kwa mara ya kwanza tangu Jumanne. Mwambie bibi yako hivyo. Mwambie nilishiba."

Nikauliza kwa nini hakukuambia.

"Ningemwambia wapi? Nilisikia mlango wake ukifunguka, nikasubiri aje tunywe kahawa. Ukafungwa. Baada ya hapo kila nikitoka yeye anaingia. Nikadhani nimemkosea."

Kwa hiyo hakuchukii, Bibi. Hakuwahi kukuchukia. Nilifurahi mpaka nikamaliza kahawa yote.

Sasa kile kitu kimoja. Sikumwambia kwamba kibao unacho wewe. Nilikuwa karibu kusema, ndipo akasema yeye mwenyewe:

"Kilichoniumiza ni kwamba kibao kilipotea wiki iliyofuata. Nilibisha hodi milango mingine yote saba. Hakuna aliyekiona."

Wakati ule Gunnvor alikuwa akifanya kazi kwenye tanuri la mikate, anatoka alfajiri anarudi mchana amechoka. Zamu yao ikifika, Sigbjørn alikuwa anaosha kabla mkewe hajarudi, kisha anakigeuza kibao nyuma mbele. Nyuma alikuwa ameandika kwa penseli: Nimeosha. Lala.

"Hakuwa mtu wa barua," akasema. "Hata tulipochumbiana hakuniandikia. Ukiniuliza mwandiko wake uko wapi, ulikuwa pale tu."

Nilikuwa na andazi mdomoni. Nilikuwa najua kilipo, na sikusema. Nilisema asante, nikavaa koti. Akaniomba nije tena Alhamisi nimsomee magazeti, macho yake hayasomi maandishi madogo. Nikakubali.

Ninaandika haraka kabla sijaogopa. Utafanyaje, Bibi?

Mjukuu wako,
Tiril


Stokmarknes, 2 Novemba

Mjukuu wangu,

Hujambo? Mimi sijambo. Theluji ya kwanza imeanguka na imeyeyuka. Jirani ameniletea samaki wawili wazuri.

Nakushukuru kwa kuufikisha ujumbe, na kwa kuuleta wa kwake. Nimeusoma mara nyingi. Hujui umenitua nini.

Pamoja na barua hii nimetuma kifurushi. Ni kile kitu, bado kiko kwenye gazeti lake. Nenda siku ambayo hayupo, kitundike kwenye kitasa, uondoke. Akikuuliza, sema hujui. Ni heri apate chake bila maneno. Mimi ni mzee, Tiril. Kuonekana mwizi katika umri huu siwezi.

Bibi yako


Bergen, 20 Novemba

Bibi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini samaki walikuwa watamu na theluji ya sasa imekaa. Sisi ni wazima.

Kifurushi kilifika. Nimekaa nacho chini ya kitanda siku kumi. Sikukifungua, kwa sababu maneno ya ndani si yangu. Leo nimekirudisha kwako kwa posta.

Tafadhali usinikasirikie kabla ya kumaliza kusoma.

Alhamisi iliyopita nilikwenda nacho mpaka Fyllingsdalen, ndani ya mkoba wa shule. Oddvar alikuwa mlangoni anapambana na kufuli la baiskeli. "Leo mkoba umenenepa," akasema. "Umemletea Gunnvor magazeti ya mwaka mzima?" Nikasema ndiyo. Ulikuwa uongo wangu wa kwanza katika jengo lile, nikausikia kila ngazi mpaka juu. Ukutani ghorofa ya pili pana karatasi ya zamu, imebandikwa kwa utepe wa gundi, pembe moja imeinuka. Jina la Gunnvor liko kwenye wiki ya katikati ya Desemba. Ana miaka themanini na moja na bado anaosha. Anasema akiacha goti litaganda.

Alikuwepo. Hata asingekuwepo, nisingeweza. Nilimsomea habari za ukurasa wa kwanza, mkoba uko miguuni, na nikafikiria barua yako ya Septemba. Uliandika kwamba anayemaliza anakitundika mlango unaofuata kwa mkono wake mwenyewe, na hakuna aliyevunja kanuni. Bibi, kibao kilitoka kwa Oddvar kikaja kwako. Bado kiko kwako. Zamu ni yako, si yangu.

Sijawahi kumkatalia mtu mzima jambo. Hata mwalimu akinipa kitabu nilichokwisha kusoma, huwa nakisoma tena. Kwa hiyo unajua nimeandika haya mara tatu kabla ya kuyatia kwenye bahasha.

Nataka pia kukushukuru, na hili ndilo ninalotaka ulisikie zaidi. Tangu tuhamie Bergen nilikuwa naenda shule na kurudi, na wiki ikiisha ninakuta nimezungumza na Mama tu na mtu wa maktaba. Wewe ulinituma kwenye mlango. Sasa kila Alhamisi pana mahali ninaposubiriwa. Bi Gunnvor akinisikia kwenye ngazi anaanza kulalamika kwa sauti kwamba nimechelewa, hata nikiwahi. Wiki jana mwalimu aliomba msomaji, nikainua mkono. Nilisoma kurasa mbili mbele ya darasa lote. Si jambo kubwa kwa wengine. Mimi nilitaka kukupigia simu palepale, lakini najua sikio lako halisikii vizuri kwenye simu.

Yote hayo yametoka kwenye salamu yako. Ndiyo maana sitaki imalizike kwa mimi kuning'iniza kitu na kukimbia. Mlango ulifungwa mara moja. Tafadhali usiufunge tena.

Sijamwambia chochote. Ni lako la kusema.

Mjukuu wako anayekupenda,
Tiril


Stokmarknes, 3 Desemba

Tiril, mjukuu wangu,

Salamu nyingi, wewe na mama yako. Goti linauma, moyo haujambo.

Kifurushi nilikipokea Jumatano. Siku mbili nilikuwa nimekukasirikia, tena sana. Nilisema, mtoto aliyekuwa akijificha nyuma ya pazia mgeni akija, leo ananifundisha zamu. Siku ya tatu nikawasha taa ya jikoni, nikaweka maji ya kahawa, nikakata uzi.

Gazeti limegeuka rangi ya chai. Kibao ni kizima. Nikakigeuza nyuma mbele. Penseli haijafutika hata herufi moja, kwa sababu hakuna mwanga ulioigusa kwa miaka yote hiyo. Nimesoma maneno yale mawili nikiwa nimesimama, kisha nikakaa, nikayasoma tena. Mimi niliona kibao cha kazi tu. Niliogopa upande wa mbele, na kumbe nilichoiba ni upande wa nyuma.

Asante kwa kukirudisha. Ungekitundika nilivyokuomba, ningekufa sijui nilichokuwa nimekibeba. Na asante kwa zile kurasa mbili ulizosoma darasani. Nimemwambia jirani wa samaki. Anakupa hongera.

Nimekata tikiti ya meli ya pwani. Inaondoka hapa Alhamisi ya wiki ijayo na kufika Bergen Jumapili mchana, Mungu akipenda na bahari ikikubali. Ufunguo nitamwachia jirani, pamoja na maua ya dirishani. Mwombe mama yako anitandikie kochi, asihangaike zaidi ya hapo. Wewe njoo gatini, unishike mkono kwenye barafu. Ila ngazi za Fyllingsdalen nitazipanda mwenyewe, na kengele nitabonyeza mwenyewe. Nifundishe tu unavyofanya usipofanya mazoezi.

Usinijibu. Barua haitanikuta nyumbani.

Jambo moja, na hili umpelekee Gunnvor kabla sijafika, neno kwa neno. Najua karatasi ya ukutani inasemaje, lakini wiki ninayokuja asiguse ndoo. Mwambie alale. Nitaosha mimi.

Bibi yako,
Eldbjørg