Glasi Niliyoigonga Verakruzi

Jeddah, Ijumaa baada ya sala

Kwako mke wangu, Mama Saumu,

Salamu nyingi kwanza. Goti lako limekubali dawa? Mimi mzima, nguvu kama za kijana, hapa hakuna dereva wa kunipita. Barua hii nimeiandika mwenyewe, imekula Ijumaa mbili. Kwenye simu Saumu husikiliza, na haya ni ya kwako peke yako.

Tumetoka Riyadh, bosi mzee anapunga upepo wa bahari hapa Jeddah. Lakini kabla ya hapo alinichukua hadi Meksiko, mji wa bandari uitwao Verakruzi, nimsukumie kiti chake cha magurudumu. Nani mwingine Tanga nzima amefika? Siku moja akaniambia, "Leo pumzika. Wewe mtalii. Yalla, nenda!" Nikavaa kofia yangu ya viua, nikatembea kando ya meli kama mwenye bandari, nikaingia mkahawani.

Kule wanakuletea kahawa kidogo ndani ya glasi. Ukitaka maziwa, unaigonga glasi kwa kijiko, mtu anakuja na birika, anamimina kutoka juu. Ndiyo desturi yao, hakuna anayekasirika. Nikagonga. Akaja mzee wa rika langu, anachechemea, anatabasamu. Akamimina. Nikaona raha, Mama Saumu! Miaka yote naitwa mimi, leo na mimi naita. Nikanywa funda moja, nikagonga tena. Akaja. Wa meza ya pili wakacheka, kichwa kikanivimba, nikagonga mara ya tatu na glasi imejaa pomoni. Akaja vilevile, mbio za mguu mbovu. Akaitazama glasi, akanitazama mimi. Wale wa meza ya pili wakaacha kucheka.

Macho yale nayajua. Ndiyo yangu, madamu anapobonyeza kengele kule Riyadh nami naacha chakula nakimbia. Nilikuandikia kwamba nilimwambia, "Madamu, mimi si mtoto wa shule wa kuitwa kwa kengele." Uongo. Nilisema, "Naam, madamu," na hadi leo nasema hivyo hivyo.

Kisha nikakukumbuka wewe, na kikombe changu cha bati ninachokigonga kwa kijiko nikitaka chai. Siku ile wageni wamejaa, ukatoka jikoni na moshi machoni, ukasema, "Baba Saumu, jina ninalo na masikio ninayo." Nami nikawaambia wageni, "Mnaona? Kikilia tu, huyo!" Tukacheka. Wewe hukucheka.

Mimi si mtu wa kuomba radhi, unanijua. Hata yule mzee sikumwomba, niliondoka nikiangalia viatu vyangu. Ila wewe nakuomba.

Nisalimie shemeji yangu fundi cherehani, na mama mkwe mwambie shuka lake nimeshalinunua.

Kikombe kiache palepale. Kijiko kifiche. Nikirudi, chai nitaifuata jikoni mwenyewe. Na siku nikisahau nikagonga, usije.

Mumeo,
Baba Saumu