Cheki Iliyobaki na Saini Moja

Shangazi yangu, Tantine Kavira,

Tulikuzika Jumamosi, na mvua ilituhurumia mpaka tukamaliza. Watu walijaa. Mama wote wa soko la vitenge walifunga meza zao. Hata yule jirani yako wa mtaa wa Katoyi ambaye mulikuwa hamusalimiani alikuja, akalia kuliko sisi, mpaka nikataka kumuuliza kama amekosea kilio. Ungecheka.

Nilitembea nyuma ya jeneza toka kanisani mpaka makaburini. Wakwe walisema nipande pikipiki nisichoke. Nilikataa. Miguu hii uliinunua wewe, ilipaswa ikusindikize.

Nimeanza kuwasimulia watoto wangu ile safari yetu, na hawaamini. Kwao pesa inakaa ndani ya telefone. Sasa banki za hapa zimefungwa, mutu akitaka noti anavuka mupaka mpaka Gisenyi, na dola ikiwa na kidonda kidogo pembeni, wanaobadilisha pesa wanaikataa. Niliwaambia kwamba koko, bibi yao, alikuwa anapiga dola pasi ya makaa kabla ya kusafiri. Wakacheka. Basi nikawaambia yote.

Unakumbuka muguu wangu wa kuume. Tangu niangukie sufuria ya maji ya moto, goti lilijikunja na halikunyooka tena. Daktari alisema Kampala wanaweza kulifungua, lakini kabla sijakomaa. Mama yangu hakuwepo tena, na papa alisema tungoje vita ipite. Ulimujibu: "Vita haina saa ya kupita. Mutoto ana saa ya kukomaa." Uliuza vitenge vyote, hata vile ulivyojiwekea mwenyewe, ukaenda banki, ukageuza pesa yote kuwa cheki za safari. Papa alisema umerogwa, umetoa dola safi ukapewa karatasi.

Wewe ulijua unachofanya. Ulikuwa umeshafika Nairobi na Dubai nazo. Ulinionyesha: juu unasaini siku ya kuzichukua, chini unasaini siku ya kulipa, mbele ya yule anayezipokea, na saini mbili lazima zifanane. "Juu ni kuondoka, chini ni kufika," ulisema. Namba zake ulinifundisha tukichambua maharagi, ya kwanza na ya mwisho, maana za katikati zinafuatana tu, kwa Kifaransa, kwa sauti ya wimbo wa matoleo. Karatasi ya namba inaweza kuungua, ulisema, kichwa cha mutoto hakiungui. Na kwenye kiuno ulifunga dola chache za kuibiwa, kwa sababu mwizi akikosa pesa anachukua mutu.

Barabara ya Rutshuru ilikuwa imejaa wakimbizi na magodoro yao. Karibu na Rumangabo watu wa bunduki wakasimamisha gari letu. Zile dola za mwizi uliwapa bila kuombwa mara mbili. Lakini mukubwa wao alikuwa amesoma, na cheki alizijua. Akakupa kalamu: saini chini, zote. Nililia. Nilijua muguu wangu umekwisha pale, kwenye matope.

Ulichuchumaa, ukaziweka juu ya lile goti langu lililojikunja, ukaandika Kavira, Kavira, Kavira, polepole, kwa herufi nene za mutoto anayeanza shule. Yeye aliona jina ni lilelile, akaridhika, akazibeba, akatuacha tupite. Mimi niliona mukono si uleule. Saini yako ya kweli ina mukia murefu unaorudi chini ya jina. Nimeona wanaume wengi wenye silaha katika muji huu, Tantine, na sijaona shujaa kama wewe.

Kampala, kwenye ofisi ya cheki, ulisema zimeibiwa, na saini za chini si zako. Mama wa guichet, yule wa dirisha la malipo, akataka namba. Ulinisukuma mbele ukasema, "Imba." Nikaimba. Watu waliopanga mustari wakageuka kutazama. Akaniomba nirudie, akaandika, akapiga simu, na tukangoja kwenye benchi mpaka njaa ikatuchosha. Wakatupa zingine. Hospitalini ulisaini chini, na mukia wake wote. Siku waliyotoa plâtre, ile plasta ngumu, goti likiwa limenyooka, ulinishika mukono mumoja tu. "Ule mwingine tembea nao mwenyewe," ulisema. Nilikukasirikia siku nzima.

Jana nilifungua sanduku lako nitafute vitenge vya kugawia ndugu. Chini kabisa nikakuta cheki moja ya zile za Kampala. Juu kuna Kavira na mukia wake. Chini ni tupu. Labda uliisahau, lakini wewe hukuwa mutu wa kusahau pesa. Mume wangu anasema hakukosi fundi wa kuiga saini. Niliichukua mukononi mwake.

Nimeiweka ndani ya kitabu changu cha sala, na hakuna atakayeigusa. Watoto wangu nitawafundisha namba yake kwa wimbo uleule, hata kama hakuna guichet itakayowauliza. Aksanti, Tantine. Sikukuambia vya kutosha, na hilo linaniuma.

Nenda salama. Saini ya juu, ile ya kuondoka, uliiandika huku kwetu duniani. Ukifika, saini ya chini, polepole, na mukia usiuache, ili siku nitakayokuja nijue ni wewe.

Masika wako